Aliyegonga Ndani ya Pipa

Kuku ndio walioanza. Mwamini aliwajazia maji kwenye sufuria kuukuu karibu na mlango wa jiko, nao wakaja, wakainamisha vichwa, wakayatazama yale maji kwa jicho moja, kisha wakageuka mmoja mmoja na kuvuka barabara kwenda kunywa kwenye mtaro wa jirani, uliojaa matope na maganda ya muhogo. Mwamini aliwatukana. Aliwaambia ni kuku wasio na adabu, wamezoea uchafu wa watu. Maji yake yalikuwa maangavu, ungeweza kuona kila mkwaruzo chini ya sufuria.

Hakulifikiria zaidi jambo lile. Kuku ni kuku, na yeye wakati ule alikuwa na jambo moja tu la kufikiria, nalo lilikuwa tumboni mwake, limeanza kumpiga mateke. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka tangu yeye na mumewe Swedi wahamie nyumba ile ya mtaa wa Manika, huko Kolwezi, mji wa migodi. Ya kwanza ilitoka ikiwa changa. Ya pili ilikuwa imeshapata umbo la mtu, mvulana mwenye vidole vyote, na Swedi alimzika mwenyewe katika kisanda kisichozidi urefu wa mkono. Hii ya tatu Mwamini aliilinda kwa kila alichokijua: hakuinua kitu kizito, hakupita makaburini, hakumwambia mtu ina miezi mingapi.

Swedi alikuwa dereva wa lori, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani, mtu mpole, mwenye kukaa njiani zaidi ya nyumbani, lakini mwenye kupenda nyumba yake ionekane. Na kitu kilichoifanya ionekane kilikuwa pipa. Mjini pale maji ya bomba hutoka alfajiri, tena siku yanapojisikia, kwa hiyo kila nyumba ina chombo cha kuyawekea. Maskini ana bidoni zake, madumu ya njano, aliyejikongoja ana ndoo zenye mifuniko, na mke wa dereva ana pipa la bluu. Mapipa hayo hufika viwandani, kule wanakotenganisha shaba na kobalti, yakiwa yamejaa dawa, na yakishakuwa matupu madereva huyaomba getini na kuyapeleka nyumbani. Mke wa dereva asiye na pipa la bluu uani alihesabiwa kuwa mke wa mlevi. Pipa la Mwamini lilimfika kifuani. Swedi alilileta siku waliyohamia, akalisugua kwa Omo na mchanga, akalianika juani mpaka akaridhika. Baadaye Mwamini aliliegemezea pasi ya makaa bila kufikiri, ikaliachia ubavuni alama nyeusi ya nusu mwezi. Alilipenda hata na kovu lake.

Baada ya kuku, ilikuwa zamu ya chai. Ilianza kuwa na ladha ya sarafu, kana kwamba mtu amenyonya hela na kuitema kikombeni. Mwamini alibadili majani, akabadili sukari, akasugua birika mpaka likang'aa, na ladha ikabaki palepale nyuma ya ulimi. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Kisha uani kukaja harufu, si kila wakati, ila ilipokuja ilikuwa ya mayai yaliyooza na njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, na ukiitafuta inapotoka ilikuwa imeshakwenda.

Watu wengi hudhani jini lazima lingoje giza. Waliolelewa na bibi zao wanaijua saa nyingine, ile ambayo jua linasimama utosini na kivuli cha mtu kinaingia chini ya miguu yake, malori yanapumzika, na uani hakuna anayepita. Saa hiyo ndiyo Mwamini aliposikia kugongwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo.

Tuk.

Akainua kichwa. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu. Akarudi kwenye majani yake.

Tuk, kikafanya tena, taratibu, kama kidole kinachogonga kutoka ndani ya kitu kilichofungwa, na kabla hajajua sauti imetoka wapi, mtoto tumboni akapiga teke moja. Kimya. Tuk. Teke. Mwamini akashika tumbo kwa mikono miwili na majani yakamwagika, kwa sababu sasa alikuwa ameshajua kwamba sauti ilitoka kwenye pipa, na kwamba yule aliyekuwa akigonga hakuwa akimgongea yeye.

Alingoja siku kadhaa kabla ya kumwambia mumewe. Alimwambia jioni, wakila, kwa sauti ya chini.

"Swedi, kuko muntu anagonga mu pipa."

"Ni jua, Mwamini. Plastiki ikipata joto inalia."

"Na mutoto? Juu ya nini mutoto anamujibu?"

Swedi aliacha kutafuna. Akatazama nje, kule pipa lilikokuwa, akalitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama pipa. "Usiseme ile mambo ku bantu," akasema, na akanawa mikono kabla hajashiba.

Kesho yake adhuhuri Mwamini alifunua mfuniko. Alitaka kujitoa hofu, ajionee maji na kujicheka. Maji yalikuwa yametulia, na ndani yake kulikuwa na uso wa mwanamke. Alidhani ni wake, mpaka alipoona kwamba yule mwanamke hakuwa na nyusi, ngozi ilikuwa tupu juu ya macho, laini, imevutwa, na midomo yake ilikuwa ikienda polepole kama ya mtu anayehesabu vitu asikosee, wakati midomo ya Mwamini mwenyewe ilikuwa imefungwa kwa nguvu hata meno yakamuuma. Akaachia mfuniko. Tangu siku hiyo alichota maji bila kuangalia ndani, akigeuza shingo, kama mtu anayemnawisha maiti asiyemjua.

Jirani yao, mama Angèle, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Mwamini alimwendea na kumweleza habari za nywele, chai na vidole vilivyoanza kuchubuka. Ya uso hakuyasema.

"Maji munakunywa ya wapi?" Angèle akauliza.

"Ya robine, bomba ya mutaa. Ile ile yenye weye unakunywa."

Angèle akawaza. Yeye na wanawe walikuwa wazima. "Basi pengine haina maji. Huku kwetu mwili inakusanya mingi, mama. Vumbi ya malori, mutoni kule Musonoi, moshi ya ma izine ya shaba. Uende ku hopitali kubwa bakupime damu, usingoje."

Mwamini alishukuru, na njiani kurudi akabaki na maneno mawili tu kati ya yote: haina maji. Si maji. Na kama si maji, basi ni mtu. Na akishafika hapo, mwanadamu hahitaji kwenda mbali kutafuta.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu wa tatu, Aicha, dada mkubwa wa Swedi, ambaye wote wawili walimwita yaya, mjane mwenye makazi yake mji wa Mutshatsha. Alikuwa akileta makaa kutoka kwao na kuyauza sokoni, na akiwa mjini alilala kwa mdogo wake. Mwanamke wa maneno machache, mwenye nywele nzito alizozisuka mwenyewe. Hakuwahi kuzaa. Mwamini hakuwa amelitilia maanani jambo hilo mpaka sasa, na sasa lilimkaa kichwani asubuhi na jioni.

Akaanza kumchunguza. Akaona Aicha anaamka kabla ya watu, anakwenda bombani na bidoni yake ya njano, anairudisha na kuificha chini ya kitanda. Akaona kwamba Aicha hanywi chai ya nyumba ile, anachemsha yake. Akamkuta mara moja amesogeza mdomo kwenye mdomo wa bidoni, ananong'ona, na ingawa huenda ilikuwa bismillahi, Mwamini aliona bismillahi haihitaji midomo kwenda mbali vile. Akakumbuka kwamba zamani Aicha aliwahi kusema, "Ile maji ya pipa inanuka chuma, mi siwezi," naye akamjibu kwamba wenye kiburi wakachote kwao. Mchunguzi akitaka kuona, kila kitu humuonyesha. Nywele zake zinakatika, za Aicha zinameta. Tumbo lake linatishwa, la Aicha liko tupu na limetulia. Alilala akisikiliza pumzi za wifi yake ng'ambo ya ukuta, na akazichukia.

Ndipo alipomwambia Swedi amlete Shehe Sadiki.

Shehe Sadiki alikuwa mtu mwema, hili lisemwe mapema. Mrefu, mtaratibu, ananukia udi, na wengi walimpenda kwa sababu hakuwahi kumfukuza mgonjwa. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akakaa kwenye mkeka, akatoa sahani yake nyeupe na zafarani, akaandika aya kwa mkono mzuri. Baada ya hapo aya huoshwa kwa maji, na maji hayo, kombe, ndiyo hunywewa.

"Jini ya nyumba inafukuzwa na maji ya nyumba," akasema. "Muniletee."

Mwamini mwenyewe alichota pipani, shingo imegeuzwa. Shehe akaosha sahani, maandishi yakayeyuka kuwa rangi ya chai hafifu, akayamimina vikombeni. Mwamini akanywa chake chote, na ladha ya sarafu ikamjaa mpaka puani. Swedi akakishika chake, akakizungusha, akakigusa midomoni na kukiweka chini. Mwamini hakumwona vizuri. Macho yake yalikuwa kwa Aicha.

Aicha hakukishika kikombe. "Shehe, mi ntakunywa kombe yako. Lakini uniandikie mu maji yangu." Akaenda ndani, akarudi na bidoni.

"Hapana, mama. Lazima maji ya nyumba."

"Basi siwezi."

"Unaogopa nini, yaya?" Mwamini akauliza.

Aicha akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa akitazama ncha ya mkeka. Akatazama tumbo la Mwamini. Kitu kilipita usoni mwake, kama mtu aliyekaribia kusema neno kubwa akalimeza.

"Naogopa ile pipa," akasema.

Mwamini akajivuta kando, kwa sababu hakuwa amemwambia Aicha habari za kugonga pipani hata siku moja. Nani anajua jini linakaa wapi kama si aliyelileta? Shehe alivuta tasbihi yake, na hilo lilimtosha Mwamini.

"Mwenye kuogopa kombe hawezi kulala mu nyumba yenye mimba yangu," akasema. "Swedi, umuambie yaya yako atoke."

Swedi hakumwambia chochote. Wala hakumtetea. Aicha alifunga vitu vyake kwenye kitenge, na alipofika mlangoni akaiweka bidoni yake ya njano miguuni pa Mwamini.

"Unywe hii, mulamu. Tafazali. Mi nikienda, unywe hii."

Mwamini akaiinua na kuimwaga chini mbele ya macho yake mpaka tone la mwisho. Aicha akaondoka bila kugeuka. Na kuku wakaja mbio kutoka ng'ambo ya barabara, wote, wakaishambulia ile ardhi iliyolowa, wakanywa kwa pupa mpaka matope yakakauka. Mwamini akasema moyoni kwamba hata kuku wamerogwa.

Shehe alikuwa ameagiza kombe asubuhi na jioni, na kuoga maji yaleyale. Mwamini alitii kuliko mtu yeyote aliyewahi kutii. Na nyumba ikazidi. Harufu sasa iliingia mpaka chumbani, ikakaa kwenye mito. Ngozi ya viganja ilimtoka vipande vipande, chakula kikawa na ladha moja, ya chuma, miguu ikamuwaka moto usiku, na kila adhuhuri pipa likagonga, na yeye akakaa kwenye kigoda chake mkono tumboni akingoja teke, akilichukia na kulingoja, kwa sababu teke lilikuwa na maana kwamba yule wa ndani ya maji bado anazungumza na mwanawe, lakini pia lilikuwa na maana kwamba mwanawe yu hai, na mateke yakaenda yakipungua, yakawa mtikisiko, yakawa kama mtu anayegeuka usingizini, mpaka adhuhuri moja pipa likagonga, tuk, na likagonga tena, na likagonga kwa muda mrefu, bila kuchoka, na tumboni hakuna aliyejibu.

Mwamini aliingia ndani akashika kioo. Nyusi zake zilikuwa zimetoka zote. Yule mwanamke wa majini alikuwa akimtazama, na safari hii alikuwa ni yeye.

Hakulia. Alijitanda, akampita Swedi aliyekuwa chini ya lori lake akikaza nati, akaenda sokoni na kupanda gari la makaa lililokuwa linarudi tupu Mutshatsha. Alikuwa amekata shauri. Angempigia magoti aliyemtuma jini.

Alimkuta Aicha nyuma ya nyumba yake, karibu na reli, akipanga magunia. Mwamini akapiga magoti kwenye vumbi la makaa, mimba na yote.

"Yaya, umutoe. Ubebe bitu byote, nyumba, bwana, byote. Uniachie tu mutoto."

"Nimutoe nani?"

"Jini yako."

Aicha alimtazama zile nyusi zisizokuwepo, akamtazama viganja. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Akamwinua kwa kwapa, akamkalisha, akamletea maji ya kisima kwenye kopo. "Kunywa kwanza. Kisha utanitukana."

Mwamini alikunywa akitarajia sarafu. Maji yalikuwa na ladha ya udongo, basi. Akalala siku hiyo bila kusikia kitu isipokuwa treni. Akalala kesho yake, na keshokutwa. Ilikuwa asubuhi, Aicha akimpikia uji, alipohisi kitu kimemgusa chini ya mbavu. Kikatulia. Kikamgusa tena, kwa nguvu, bila mtu kugonga mahali popote. Hapo ndipo alipolia, akalia mpaka Aicha akaacha uji ukaungua.

Siku zilipopita na ngozi mpya ikaanza kuja, Aicha alimwambia.

"Siku Swedi alileta ile pipa mi nilikuwa pale, nilikuya kubasaidia kuhama. Ilikuwa na makaratasi ya kubandika, na mapicha. Moja ni mukono, maji inautoboa. Moja ni samaki ya kufa. Na moja ni ile kichwa ya mufu. Swedi aliikwangua na kisu, juu bagarde, balinzi ba ku barière ya njia, basimuulize."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia inanuka. Ulisema niko na kiburi." Akakoroga makaa. "Na Swedi ni mudogo yangu. Ningemuaibisha mbele yako, bibi yake? Nilimuambia yeye, pembeni. Alisema aliiosha. Njo pale nilikosa, Mwamini. Ningesema kwa nguvu siku ya kombe."

Mwamini akampigia Swedi simu. Hakumsalimia. Alimuuliza juu ya mkono, samaki na kichwa cha mfu.

"Niliiosha, Mwamini," Swedi akasema. "Na Omo. Mara mingi. Bashofere bote bako na pipa."

"Na ule mutoto yenye ulizika?"

Alisikia mumewe akipumua. Alimchukia, kisha akamwonea huruma, kisha akamchukia tena, na ilimchukua muda mrefu kujua kipi kitabaki.

"Uitoe ile pipa," akasema.

Siku chache baadaye Swedi alipiga kusema limeshatolewa. Shehe alikuja akalisomea kutwa nzima, akalifunga, akalitoa uani. Imeisha, akasema. Mwamini hakuuliza zaidi. Hakuwa ameacha kuamini jini. Uso aliouona aliuona. Alichokuwa ameelewa ni kwamba lile halikutumwa na mtu. Lilikuwa limeachwa nje ya geti ndani ya chombo kizuri, na mtu akakipenda chombo.

Alijifungua hukohuko Mutshatsha, mikononi mwa Aicha. Mtoto wa kike, mdogo, mwenye nyusi nyeusi na sauti ya kugombana na dunia nzima. Wakampa jina la shangazi yake, na Aicha, ambaye hakuwahi kuzaa, alitoka nje akasimama karibu na reli kwa muda.

Arobaini ilipokwisha Mwamini alirudi Kolwezi. Uani, pale palipokuwa na pipa, Swedi alikuwa amepanga bidoni mpya za njano, safu moja, na kuku walikuwa wakinywa kwenye sufuria yao. Swedi alimbeba mwanawe, akaanza kumwonyesha kuku. Mwamini akaona anaweza kuishi na hilo, pengine. Wakapanga kwenda kumshukuru shehe, maana hivyo ndivyo inavyotakiwa, wakachukua sukari na sabuni, Mwamini akamfunga mtoto kifuani kwa kitenge, wakaenda kabla ya adhuhuri.

Alisikia harufu kabla hajafika mlangoni. Mayai, na njiti ya kiberiti.

Ua wa Shehe Sadiki ulijaa wanawake. Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, wengine na watoto migongoni, wengi na mimba, wote wakielekea mahali pamoja, kwenye kivuli ambapo shehe alikuwa amekaa na sahani zake. Nyuma yake, limefunikwa kitambaa cha kijani chenye maandishi, lilisimama pipa la bluu. Kitambaa hakikufika chini. Ubavuni ilionekana alama nyeusi ya nusu mwezi.

"Mama Mwamini," shehe akaita kwa furaha ya kweli. "Muone, bamama. Huyu njo yenye nilikuwa nabaambia. Jini ilimukulia mimba mbili. Nikaifunga mu chombo yake na aya, na jini ya kufungwa inakuwa mutumishi. Maji yake inaponya. Na mutoto, muangalie mutoto."

"Shehe, ile ni pipa ya izine," Mwamini akasema. "Ilikuwa na sumu. Ilikuwa na picha ya mufu, baliikwangua."

Shehe akageuza uso taratibu kwa Swedi. "Weye uliniambia ni jini, Swedi. Ya sumu haukusema."

Wanawake wote wakamtazama Swedi. Alisimama na sukari mkononi, dereva anayeheshimika, mwenye mke na mtoto, na shehe aliyemwamini mbele yake.

"Swedi, sema," Mwamini akamnong'oneza.

"Niliiosha," Swedi akasema. "Mi niliiosha muzuri."

Shehe akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyesikia alichotarajia. Akajaza kikombe, akakinyoosha. "Hofu bado inakukamata, mama. Ni kawaida. Kunywa kidogo tu, benzako babone."

"Hapana."

Mwanamke wa kwanza kwenye mstari, msichana mwenye mimba kubwa na mikono ya kuosha madini, akamtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye nyusi zilizokuwa zinaanza kuota. Mwamini aliyajua macho yale. Aliwahi kuwa nayo yeye.

"Unaogopa nini, yaya?" msichana akauliza.

Hakukuwa na jibu lingine duniani. "Naogopa ile pipa."

Mnong'ono ukapita ukutani. Mama mmoja akafunika tumbo kwa kitenge, mwingine akavuta mwanawe nyuma ya sketi. Mwamini akapiga hatua kwenda kukinyakua kikombe, na mikono ikamshika, mingi, bila ukali, namna ya kumshika mgonjwa. Jua lilikuwa limefika utosini. Kutoka chini ya kitambaa cha kijani kikaja kitu alichokijua.

Tuk.

Kifuani pake mtoto, aliyekuwa amelala, akapiga teke moja.

Na mbele ya mstari yule msichana akashika tumbo lake, akashtuka, kisha uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu. "Anacheza," akawaambia wenzake kwa sauti ya chini. "Mutoto wangu alikuwa amenyamaza. Sasa anacheza." Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akakirudisha ili ajaziwe anayefuata.